Petrikori: Harufu Inayotunzwa na Kiangazi

Maneno haya niliyasema mwezi wa Oktoba, mjini Dodoma, mbele ya wanafunzi wanaojifunza tafsiri. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka, nikirefusha kidogo pale ambapo maswali yao yalinionesha kwamba nilipita upesi.

Mwenyekiti, walimu, wanafunzi. Kwa wakubwa zangu, shikamooni. Kwa ninyi wengine, habari za mchana na jua hili.

Mliniomba nije na neno moja la Kiingereza lisilozoeleka, nieleze maana yake, lilikotoka na linavyotumiwa. Nimekuja na petrichor. Ile "ch" isiwahangaishe, hutamkwa k, na Waingereza huweka mkazo mwanzoni kabisa, kwenye "pe". Sisi tukiliita petrikori, mkazo unateremka wenyewe mpaka kwenye "ko", silabi ya pili kutoka mwisho, maana ndivyo ulimi wetu ulivyo. Maana yake kwa ufupi: ni harufu nzuri inayotoka ardhini mvua inapoangukia mahali palipokuwa pakavu kwa muda mrefu. Hakuna mtu humu ndani asiyeijua. Ukikaa Dodoma, ukapitisha Juni, Julai, Agosti, Septemba na Oktoba bila tone, siku ile ya kwanza pua inakuambia kabla hujatoa kichwa dirishani.

Sikulichagua kwa uzuri wake tu. Miaka kadhaa iliyopita nilitafsiri kitabu kidogo cha sayansi cha watoto, na neno hili lilikuwamo. Nikaandika "harufu ya mvua", nikaendelea na sentensi inayofuata. Wala sikusita. Kila mtu husema hivyo, kitabu ni cha watoto, na nilikuwa na siku mbili tu za kumaliza kazi. Kikachapishwa. Baadaye nikaalikwa kwenye shule moja ya msingi kuwasomea wanafunzi. Nilipofika ukurasa ule, mtoto wa darasa la nne akanyosha mkono. Akauliza: "Mwalimu, mbona mvua ya juzi ilinukia na ya leo hainukii, na zote ni mvua?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia ni swali zuri, tukaendelea kusoma. Lakini nilirudi nyumbani nalo, na hotuba hii yote ni jibu nililopaswa kumpa mtoto yule.

Tuanze na neno lenyewe, kwa sababu kama ningelifungua siku ile nilipokuwa natafsiri, nisingekosea. Limeungwa kwa vipande viwili vya Kigiriki. Cha kwanza ni petra, mwamba. Hiki mnakijua kuliko mnavyodhani. Ndimo lilimotoka jina Petro, ndiyo maana katika Injili anaambiwa kwamba juu ya mwamba huu kanisa litajengwa; kwa Kigiriki ule ni mchezo wa sauti, ambao kwa Kiswahili unapotea. Kimo pia ndani ya petroli, kwa njia ya Kilatini: petra pamoja na oleum, yaani mafuta. Mafuta ya mwamba. Kwa hiyo kila anayesimama kituo cha mafuta akasema "nijazie petroli" ameshatamka nusu ya neno letu la leo.

Kipande cha pili ni ichor, na hiki kina hadithi zaidi. Wagiriki wa kale waliamini miungu haina damu kama yetu. Katika utenzi wa Homer wa vita vya Troy, mungu wa kike Aphrodite anaingia vitani kumwokoa mwanawe, na shujaa Diomedes anamchoma mkuki mkononi. Kinachotoka si damu. Ni ichor, umajimaji wa miungu, na mshairi anaeleza sababu: miungu haili mkate wala hainywi divai, basi haina damu. Karne nyingi baadaye waganga wa Ulaya walilichukua neno hilohilo wakalipa kazi ya chini sana, wakamaanisha majimaji yanayovuja kwenye kidonda kibaya. Lakini waliounda petrichor walilikusudia lile la juu. Weka vipande hivyo pamoja, upate: damu ya kimungu ya mwamba.

Angalieni kilichomo na kisichokuwamo. Mwamba umo. Umajimaji uliofichwa ndani ya mwamba umo. Mvua haimo. Neno hili lote halina tone la mvua ndani yake, nami nikalifasiri "harufu ya mvua".

Waliolitunga hawakuwa washairi. Walikuwa wanakemia wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Grenfell Thomas, waliofanya kazi Melbourne katika shirika la taifa la utafiti wa sayansi, CSIRO. Walilitoa mwaka 1964 katika jarida la Nature. Bi. Bear alizaliwa mwaka 1927 na kufariki mwaka 2021. Mwaka 1988 alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa medali ya Leighton, heshima kubwa ya wanakemia wa nchi yake. Natamani wasichana waliopo hapa walikumbuke jina hilo kila wanapolisikia neno.

Kabla yao harufu hii ilikuwa na jina miongoni mwa wataalamu wa madini: waliiita harufu ya mfinyanzi. Walikuwa na desturi ya kulipumulia jiwe pumzi ya moto yenye unyevu, kisha wakalinusa. Likitoa harufu ya udongo walijua lina asili ya mfinyanzi. Shida ya jina hilo ni kwamba Bear na Thomas waliipata harufu ileile kwenye mawe ya kila namna, yakiwemo yasiyohusiana na mfinyanzi hata kidogo. Jina lilikuwa linasema uongo. Wakaona hawawezi kuendelea nalo, wakaunda jipya. Hapo ndipo ninapowaheshimu sana. Hawakutafuta neno la kupendeza, walikataa kuendelea kutumia jina ambalo ushahidi wao ulikuwa umelikanusha.

Nao ushahidi waliupata hivi. Walichukua mawe yaliyokaa nje kwenye joto na ukavu, wakayapitishia mvuke wa maji, wakaukusanya ule mvuke ukipoa. Kilichobaki kilikuwa mafuta kidogo ya rangi ya manjano, na ndani ya mafuta hayo ndimo ilimokuwa harufu yote. Jiwe likishatolewa mafuta haliwezi tena kunukia. Lakini ukilirudisha nje, kwenye hewa ya kiangazi, likakaa, linajijaza upya. Kumbe halitengenezi mafuta yenyewe, linayapokea. Wakati wa ukavu mimea hutoa vitu vyenye asili ya mafuta ambavyo huelea hewani, na mawe na udongo huvinyonya siku baada ya siku. Kiangazi kikiwa kirefu, akiba inakuwa kubwa. Mvua ikishuka, maji yanaingia kwenye vitundu vidogo vya jiwe, yanayasukuma mafuta nje, na sisi tunasema "aah!"

Wenzangu, jibu la mtoto wa darasa la nne ni hilo. Mvua ya juzi ilinukia kwa sababu ilikuta akiba ya miezi sita. Ya leo haikukuta kitu, akiba ilikuwa imeshatumika. Harufu ile haikuletwa na mvua. Iliwekwa na kiangazi. Msimu tunaoulalamikia, wa vumbi, wa ng'ombe kukonda na mitungi kukauka, ndio uliokuwa unaitunza siku kwa siku, na mvua huja kuifungulia tu.

Mwaka uliofuata, 1965, wawili hao walitoa matokeo mengine: mafuta hayo yakiwa mengi ardhini huzuia mbegu kuota. Ukifikiri kidogo unaona inavyofaa. Mbegu inayochipua kwa manyunyu ya kudanganya, kisha jua likarudi wiki tatu, imekufa. Mkulima yeyote wa hapa aliyewahi kupanda mara mbili katika msimu mmoja anaielewa hasara hiyo bila kuelezwa.

Sitaki mfikiri kwamba Melbourne ndiko harufu hii ilikogunduliwa. Bear na Thomas wenyewe waliandika kwamba India walikuwa wametangulia. Kuna mji uitwao Kannauj, katika jimbo la Uttar Pradesh, unaosifika kwa manukato kwa karne nyingi. Mafundi wa huko hutengeneza mitti attar, na mitti kwa Kihindi ni udongo. Huufinyanga udongo, huuchoma, kisha huuweka pamoja na maji ndani ya chungu kikubwa cha shaba, wakaziba mdomo kwa udongo mbichi na kuwasha moto chini. Mvuke hupita katika bomba la mwanzi mpaka kwenye chombo kingine kilichokaa ndani ya maji, na ndani ya chombo hicho kuna mafuta ya sandali yanayoupokea na kuushika. Wanaotoka Pwani wanaijua sandali, mama zao huisugua wakaifanya liwa. Kule Kannauj sandali hutumika kubeba harufu ya ardhi. Watu wale hawakuwa na jina la Kigiriki, lakini walikuwa wameitia harufu ya mvua ya kwanza ndani ya chupa wakaiuza, jambo ambalo wanakemia walikuja kulieleza baadaye.

Kuna nusu nyingine ya jibu, nayo ni hai. Mwaka uleule wa 1965, huko Marekani, Nancy Gerber na Hubert Lechevalier wa Chuo Kikuu cha Rutgers waliitoa kemikali inayoupa udongo mbichi harufu yake. Wakaiita geosmin, Kigiriki tena: ardhi na harufu. Tuiite jiosmini. Hii haitoki kwenye mimea, inatengenezwa na bakteria wa udongoni, hasa wale wa kundi la Streptomyces. Ni jamaa za waliotupa streptomaisini, dawa iliyopatikana mwaka 1943 katika chuo hichohicho, na kwa miaka mingi wagonjwa wa kifua kikuu wakachomwa sindano zake, hata huku kwetu.

Pua ya binadamu ni kali ajabu kwa jiosmini. Chukua gramu 5, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, uitie kwenye lita bilioni moja za maji. Wapo watakaoinusa. Ndiyo hiyohiyo mnayoisikia kwenye kambale au perege wa bwawa mnaposema "samaki huyu ana tope". Na mama zetu wanaomkamulia kambale ndimu kabla ya kumpika hawafanyi vile kwa mazoea matupu, tindikali huivunja jiosmini. Kwa nini bakteria ahangaike kutengeneza harufu? Mwaka 2020 watafiti walionesha kwamba harufu hiyo huwaita wadudu wadogo sana wa udongoni, wale warukao kama viroboto. Wanakuja, wanakula, na wanaondoka na mbegu za bakteria zimewaganda mwilini, wakazisambaza. Basi mnaponusa ardhi mnasikia mwaliko ambao haukuandikwa kwa ajili yenu.

Sasa, mafuta na jiosmini vikiwa ardhini vinafikaje puani? Mwaka 2015, katika chuo cha MIT, Youngsoo Joung na Cullen Buie walipiga picha matone kwa kamera ya kasi kubwa sana. Tone likigonga uso wenye vitundu linabana hewa chini yake. Hewa hiyo inapanda ndani ya tone kama viputo kwenye soda, inapasuka juu, na kurusha ukungu mwembamba usioonekana, uliobeba harufu. Waliona jambo jingine ambalo mimi lilinifurahisha mno: mvua nyepesi na ya wastani hurusha ukungu mwingi kuliko mvua kubwa. Tone likishuka kwa nguvu mno halipati nafasi ya kubana hewa vizuri. Rasharasha hunukisha ardhi kuliko gharika. Wazee wetu walisema dalili ya mvua ni mawingu, wakalipa jicho haki yake. Pua nayo inastahili methali.

Nije kwenye matumizi, maana nyie ni watu wa lugha na mtaulizwa. Kwa Kiingereza petrichor ni nomino isiyohesabika: hakuna petrikori moja wala mbili. Haitumiki kwa harufu ya tope, wala ya majani yaliyolowa, wala ya bahari. Katikati ya masika, mvua ikiwa imenyesha wiki nzima, anayeandika petrikori amekosea. Lazima kuwe na ukavu kwanza, ndio msingi wa neno. Wengine huichanganya na ile harufu kali, kama ya chuma, inayotangulia mvua ya radi. Ile kwa sehemu kubwa ni ozoni: umeme wa radi huvunja oksijeni, ikaungana upya kwa namna nyingine, na upepo unaoshuka kutoka mawinguni ukaileta chini. Ozoni nalo limetoka kwenye kitenzi cha Kigiriki cha kunuka, likapewa jina hilo na Christian Friedrich Schönbein katika karne ya 19. Sisi tumelipokea, tunasema "tabaka la ozoni" kwenye redio, na wachache wanajua kwamba wanataja harufu. Kwa muda mrefu petrichor lilikaa kwa wataalamu tu. Miaka ya karibuni limetoka nje, linapendwa na waandishi wa hadithi na washairi, na wakati mwingine hutumiwa kama pambo. Mkilikuta kwenye kazi ya kutafsiri, mtazameni mwandishi: analitumia kama mkemia au kama mshairi? Tafsiri itategemea hapo.

Na tafsiri ni ipi? Hapa ndipo nilipokesha zaidi.

Kiswahili si maskini wa majina ya harufu. Tuna shombo, harufu ya samaki inayobaki mikononi. Tuna vumba. Tuna kikwapa, tuna kutuzi la jasho, tuna uvundo wa kitu kilichooza. Kila moja ni neno moja, fupi, lisilohitaji maelezo. Lakini zisikilizeni vizuri. Zote ni harufu ambazo mtu angependa kuziondoa. Nijuavyo mimi, tulizipa nomino zile tunazozisugua kwa sabuni. Zile nzuri tumeziacha kwenye vitu vyenyewe, udi, ubani, asumini, au tumezitia ndani ya kitenzi. Na kitenzi chetu kina kipaji ambacho Kiingereza hakina: kunuka ni kubaya, kunukia ni kuzuri. Irabu moja tu inayoongezeka, na maana inavuka upande wa pili. Rudini kwenye swali la yule mtoto. Hakusema mvua "ilinuka". Alisema "ilinukia". Bila kufundishwa na mtu alishaichagua irabu ile.

Nilijaribu kuunda nomino. Nikafuata njia ya kikwapa: kwapa, kikwapa, basi vumbi, kivumbi. Lakini kivumbi kimeshachukuliwa na ugomvi na jasho. Nikajaribu "damu ya mwamba", ikaonekana kama kichwa cha hadithi ya upelelezi. Nikajaribu "mnukio wa ardhi", ambayo si mbaya, na nisingemlaumu atakayeitumia. Msimamo wangu leo ni huu. Katika maandishi ya kemia andikeni petrikori bila woga. Ni neno la kiufundi, lina jamaa zake petroli na ozoni waliokwisha kupewa uraia, na wanafunzi wa sayansi wanahitaji nomino ya kushika. Katika hadithi, na katika kitabu cha watoto, msitafute nomino. Bear na Thomas walihitaji nomino kwa sababu walikuwa na mafuta ndani ya chupa, na chupa inahitaji lebo. Mtoto aliyesimama mlangoni hana chupa. Ana kitu kinachotokea mbele yake, na kinachotokea ni kitenzi.

Kitabu kile kitachapishwa tena, na nimeomba ukurasa mmoja ubadilishwe. Palipoandikwa "tukasikia harufu ya mvua", sasa patasomeka: "matone ya kwanza yakaiangukia nchi iliyokauka, nayo ikanukia." Mtenda ni nchi. Mvua imepewa kazi yake, kuanguka, na haikupewa isiyo yake.

Nina jambo moja la mwisho, na ndiyo sababu ya mfuko huu mezani. Ndani yake kuna mawe manane niliyoyaokota asubuhi kando ya njia, chini ya mlima. Yamekaa juani tangu Mei. Sikuyaosha, na nimeyashika kwa karatasi ili yasipate manukato yangu. Binti uliyekaa mbele, njoo, shika chupa hii ya maji. Usimwage. Dondosha matone machache tu, taratibu, kama rasharasha. Sasa inama uninusie hilo la kwanza, kisha mpe mwenzako la pili.